Unameza omeprazole mwaka wa tatu na misuli inakukaza? Fuata hizi hatua za kuchunguza magnesiamu

Mama yangu alimeza omeprazole miaka sita. Alipewa kwa ajili ya kidonda cha tumbo ambacho kilishapona zamani sana, ila hakuna aliyemwambia sasa acha, na yeye akaona mbona iko poa tu, kiungulia hakuna, usiku analala, basi kila mwezi tunanunua boksi jingine. Mwaka wa tano hivi akaanza kulalamika ganzi kwenye midomo na vidole, miguu inamkaza usiku mpaka analia, akapewa kalsiamu. Ikapanda kidogo ikashuka. Akapewa potasiamu, nayo hivohivo, inapanda inashuka. Siku moja nesi anampima presha, mkanda umejaa upepo, ghafla vidole vikaanza kujikunja vyenyewe, kidole gumba kimeingia ndani ya kiganja na vile vinne vimenyooka vimebanana juu yake, hawezi kuvifungua. Daktari mmoja kijana akaja kuangalia, akauliza swali moja tu: magnesiamu ilipimwa lini? Tukafungua faili zote. Haikuwahi kupimwa hata siku moja.

Majibu yalikuja milimoli 0.31 kwa lita. Kawaida ni kuanzia 0.7.

Ndo maana naandika huu mwongozo. Mimi sio daktari, nimejifunza kwa kumuuguza mama na kwa kusoma sana baada ya pale, na ninachotaka ushike kuliko vyote ni hiki: magnesiamu mara nyingi haipimwi mpaka mtu aitaje kwa jina. Kwa hiyo itaje.

HATUA YA 1: Jua kama dawa yako ndo yenyewe

Chukua boksi, soma jina la dawa lile dogo la chini, sio jina kubwa la kampuni. Kama ni dawa ya asidi ya tumbo na jina linaishia na herufi prazole basi ni humo humo: omeprazole, esomeprazole, lansoprazole, pantoprazole, rabeprazole. Hizi zinazima pampu za asidi kwenye ukuta wa tumbo, ni dawa nzuri sana na zimeokoa watu wengi na vidonda vinavyotoa damu, sitaki mtu asome hapa akimbilie kuzitupa chooni.

Shida inakuja kwenye muda. Visa vya kwanza vya watu kuishiwa magnesiamu kwa sababu ya hizi dawa viliandikwa kwenye majarida ya udaktari mwaka 2006, alafu Machi 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa tahadhari rasmi. Walisema imeonekana kwa watu wengine baada ya miezi 3 tu lakini wengi ni waliozidi mwaka mmoja. Kwa hiyo kaa chini uhesabu kweli kweli ulianza lini. Usihesabu kuanzia ulipopewa cheti cha mwisho, hesabu kuanzia kidonge cha kwanza, pamoja na ile miezi uliyokuwa unajinunulia mwenyewe famasi bila kumwambia mtu.

Dawa kama famotidine ni kundi lingine, zinapunguza asidi kwa njia tofauti na hazijaonekana kuleta hili tatizo. Tutazirudia mbele.

Kwa nini inatokea? Magnesiamu ya kwenye chakula inaingia mwilini kupitia utumbo, na kwenye ukuta wa utumbo kuna vijimlango maalum vya kuipitisha. Inadhaniwa kwamba kwa baadhi ya watu wanaotumia hizi dawa muda mrefu ile milango inapitisha kidogo kuliko inavyotakiwa. Figo zinajitahidi, zinabana kila tone lisitoke kwenye mkojo, ila kama kinachoingia ni kidogo kila siku kwa miaka, akiba inaisha tu. Mwili wa mtu mzima una kama gramu 25 za magnesiamu na zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, ndo maana inachukua muda mrefu kuonekana, na ndo maana pia mtu akila vizuri tu bado inaweza kumpata.

HATUA YA 2: Sikiliza mwili, na ujue zipi hazisubiri kesho

Dalili za mwanzo ni za kuchanganya kwa sababu zinafanana na uchovu wa kawaida. Misuli ya mguu kukaza hasa usiku, kope la jicho kuchezacheza lenyewe siku nzima, ganzi au kuchomwachomwa kama sindano kwenye midomo na ncha za vidole, mikono kutetemeka ukishika kikombe, hamu ya kula kupungua, kichefuchefu, kuchoka bila sababu. Mama alikuwa anasema "naona kama damu imepungua", na damu ilikuwa sawa kabisa.

Zile ambazo hazisubiri kesho ni hizi: moyo kudunda ovyo au kuruka mapigo alafu unasikia kizunguzungu, kuzimia, kupata degedege, mikono au miguu kukakamaa ikagoma kufunguka, koo kubana mpaka sauti inabadilika, kuchanganyikiwa. Hapo usisome tena, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika sema "natumia omeprazole miaka kadhaa", hiyo sentensi inaweza kuokoa masaa mengi. Magnesiamu ikishuka sana inavuruga umeme wa moyo, na kuna aina ya mapigo hatari yanayotokana na hiyo ambayo yanaua kweli.

Usiogope pia kupita kiasi. Watu wengi wanaotumia hizi dawa magnesiamu yao iko sawa, na miguu kukaza kuna sababu nyingine kibao. Kipimo ndo kitakachosema.

HATUA YA 3: Andika dawa zote unazomeza, zote

Hii watu wanairuka na ni kosa. Omeprazole peke yake inaweza kushusha magnesiamu polepole ila ukiichanganya na dawa ya kukojoza maji, zile za presha au za moyo kama furosemide na haidroklorothiazaidi, hapo ni mashimo mawili kwenye ndoo moja, huku utumbo hauingizi, kule figo zinamwaga. Mama alikuwa na dawa ya presha ya kukojoza, na hakuna aliyeziweka hizo mbili kwenye karatasi moja kwa sababu kila moja iliandikwa na daktari wake.

Nyingine za kuandika:

- Digoksini ya moyo. Magnesiamu ikiwa chini, digoksini inageuka sumu kirahisi zaidi hata kwa dozi ileile uliyozoea.
- Baadhi ya dawa za kuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, baadhi ya dawa za saratani kama sisplatini, na sindano za antibayotiki kama gentamaisini, hizi zote zinapoteza magnesiamu kwenye mkojo.
- Dawa zinazojulikana kuchelewesha umeme wa moyo, na humo zimo baadhi ya antibayotiki, baadhi ya dawa za malaria na za magonjwa ya akili. Hizi hazishushi magnesiamu ila zikikukuta iko chini, moyo unakuwa kwenye hatari mara mbili.

Andika pia kama unakunywa pombe sana, kama una kisukari ambacho sukari haishuki, kama unaharisha mara kwa mara au uliwahi kukatwa utumbo. Zote zinashusha magnesiamu na daktari akizijua mapema hatapoteza muda.

HATUA YA 4: Omba kipimo kwa jina lake

Ukisema "nataka kupima madini mwilini" utapimwa sodiamu, potasiamu, labda kloraidi, na utaambiwa uko sawa. Sehemu nyingi magnesiamu haimo kwenye kile kifurushi cha kawaida, inatakiwa iandikwe pembeni peke yake. Kwa hiyo sema hivi kabisa: "Daktari, natumia omeprazole tangu mwaka fulani, nina hizi dalili, naomba nipimwe magnesiamu kwenye damu." Alafu ukipewa ile fomu ya maabara iangalie kabla hujatoka mlangoni, tafuta herufi Mg. Kama hazipo rudi ndani. Usione aibu.

Wakati huo huo omba na hizi ziende kwenye sindano hiyo moja: kalsiamu, potasiamu, kreatinini ya kuangalia figo. Kama moyo unaruka au magnesiamu imeshaonekana iko chini, kuna kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kulala unabandikwa vitu kifuani na miguuni, hakiumi na kinachukua dakika chache.

Jambo dogo ambalo linaharibu majibu: chembe nyekundu za damu zina magnesiamu nyingi kuliko maji ya damu yenyewe, kwa hiyo damu ikitolewa kwa shida, chembe zikapasuka ndani ya kichupa, namba inapanda kwa uongo na unaambiwa uko vizuri kumbe hauko. Maabara wakikwambia sampuli imeharibika, kubali kutobolewa tena.

HATUA YA 5: Soma majibu

Kawaida ni kama 0.7 mpaka 1.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, au kama 1.7 mpaka 2.4 kama maabara yenu inatumia miligramu kwa desilita. Angalia kipimo gani kimeandikwa, maana 1.2 kwenye kimoja iko juu na 1.2 kwenye kingine iko chini vibaya. Chini ya 0.5 milimoli ni hatari, hapo madaktari wengi hawakuruhusu kwenda nyumbani hasa kama una dalili.

Sasa hapa pana kitu ambacho kama tungekijua mapema mama asingeteseka mwaka mzima. Magnesiamu ikiwa chini sana, kalsiamu na potasiamu nazo zinashuka, na HAZIPANDI ukizimeza mpaka magnesiamu irudi kwanza. Kalsiamu inashuka kwa sababu zile tezi ndogo nne za shingoni zinazosimamia kalsiamu zinahitaji magnesiamu ili zitoe homoni yao, bila hiyo zinalala, na hata homoni kidogo inayotoka mifupa inakuwa haiitikii vizuri. Potasiamu nayo inavuja kupitia figo kwa sababu magnesiamu ndo inayosaidia kuziba ile njia. Kwa hiyo ukimuona mtu anamezeshwa potasiamu na kalsiamu wiki baada ya wiki na namba hazikai, uliza magnesiamu. Mama tulimjaza vidonge vya kalsiamu mpaka akapata choo kigumu na vidole bado vinajikunja.

Na kama majibu yamekuja 0.72 na wewe dalili unazo zote? Chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili iko kwenye damu, kwa hiyo namba iliyo pembeni kabisa ya kawaida haimaanishi akiba imejaa. Ongea na daktari arudie kipimo, au apime magnesiamu ya kwenye mkojo. Mkojo unasaidia pia kutofautisha: kama magnesiamu ya damu iko chini na mkojo karibu hauna kitu, figo ziko vizuri na tatizo liko utumboni, ambayo ndo picha ya hizi dawa za asidi. Kama mkojo umejaa magnesiamu, basi mtuhumiwa ni figo au dawa ya kukojoza.

HATUA YA 6: Kuirudisha

Ikiwa chini sana au una dalili kali ni dripu hospitalini. Inaingizwa taratibu, masaa mengi, maana ikiingizwa haraka figo zinaishangaa na kuimwaga nyingi kwenye mkojo. Utaona nesi anakuja na kinyundo anagonga goti mara kwa mara, usishangae, goti likiacha kuruka ni ishara ya mapema kwamba magnesiamu imezidi na dripu isimamishwe. Mama siku ya pili alikuwa ameshaanza kushika kijiko mwenyewe.

Ikiwa imeshuka kidogo ni vidonge. Hapa naomba usome vizuri lebo kwa sababu ile namba kubwa mbele ya chupa sio kila mara magnesiamu yenyewe. Kidonge cha oksaidi ya magnesiamu cha miligramu 400 kina magnesiamu halisi kama 240 hivi, na hiyo oksaidi ndo inayofyonzwa vibaya kuliko nyingi na ndo inayoharisha watu. Ukiharisha unapoteza magnesiamu tena kwa hiyo umezunguka umerudi palepale. Aina za sitreti, kloraidi au glaisineti tumbo linazivumilia vizuri zaidi kwa wengi. Gawanya dozi mara mbili au tatu kwa siku, meza na chakula.

Achanisha na dawa nyingine, magnesiamu inazishika kama gundi zisifyonzwe: antibayotiki kama doksisaiklini na sipro (ciprofloxacin), thairoksini ya tezi, dawa za kuimarisha mifupa. Weka masaa kadhaa katikati, na muulize mfamasia saa ngapi kwa kila moja, thairoksini kwa mfano inahitaji kama masaa 4.

Na kama figo zako ni mgonjwa USIJINUNULIE magnesiamu. Figo zikishindwa kuitoa inajaa mwilini, inashusha presha, inalegeza misuli, inaweza kusimamisha pumzi. Hii ni pamoja na zile dawa nyeupe za maji za kiungulia zenye magnesiamu ndani.

HATUA YA 7: Ile dawa ya asidi ufanyeje

Hii ndo kazi yenyewe. Kwenye visa FDA walivyovipitia, karibu robo ya watu walimeza magnesiamu na haikutosha mpaka dawa ikaachwa. Walioacha, magnesiamu ilirudi kawaida kwa muda wa kama wiki moja, na waliorudia dawa ikashuka tena kwa kama wiki mbili. Yaani unaweza kujaza ndoo usiku kucha, tundu lipo.

Lakini kuna watu HAWATAKIWI kuacha bila daktari kukaa nao chini: aliyewahi kutoka damu tumboni, mwenye koo la chakula lililochubuka vibaya na asidi au lililobadilika ngozi ya ndani, ile wanaita Barrett, mwenye ugonjwa adimu wa kuzalisha asidi kupita kiasi, na anayelazimika kutumia aspirini au dawa kali za maumivu kila siku huku ana historia ya vidonda. Kwao mizani ni nyingine, daktari anaweza kubakiza dawa kwa dozi ndogo kabisa na magnesiamu pembeni na vipimo vya karibu karibu.

Kwa wengine swali la kwanza ni: hii dawa nilipewa kwa ajili ya nini, na bado hicho kitu kipo? Kozi ya kawaida ni wiki 4 mpaka 8. Na kama ni vidonda, ulishapimwa yule bakteria wa tumboni, H. pylori? Wapo watu wanameza dawa ya asidi miaka wakati wangetibiwa bakteria kwa antibayotiki siku 14 yakaisha. Ukienda kupima kwa choo au kwa kupuliza hewa, dawa ya asidi inatakiwa iwe imeachwa wiki 2 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kukosea.

Sasa kuacha. Ukiacha ghafla baada ya miezi mingi asidi inarudi kwa kishindo, kuliko ilivyokuwa kabla, kwa sababu mwili ulikuwa unapiga kelele "leteni asidi" muda wote na sasa breki imetolewa. Mwaka 2009 kule Denmark waliwapa watu wazima wasio na ugonjwa wowote esomeprazole wiki 8, walipoacha asilimia 44 wakapata kiungulia au asidi kupanda, dhidi ya 15 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Watu wazima kabisa! Kwa hiyo ukiacha wiki ya kwanza kifua kikawaka usiseme "unaona, bado naumwa", mara nyingi ni ule mrudio na unapoa wenyewe ndani ya wiki kadhaa.

Njia ambayo wengi wanaelekezwa: punguza dozi nusu kwa wiki 2 mpaka 4, alafu siku moja ndiyo siku moja hapana, alafu unameza siku ikizidi tu. Siku zinazowaka tumia famotidine au dawa ya kutafuna ya kiungulia. Famotidine ukiimeza kila siku bila kupumzika nguvu yake inapungua, kwa hiyo usiizoee, na mwenye figo dhaifu anahitaji dozi ndogo. Ila kama magnesiamu imeshuka vibaya madaktari hawasubiri kupunguza taratibu, wanaikata siku hiyohiyo na kubadilisha, kama walivyomfanyia mama. Wiki tatu alipata shida kweli, tukainua kichwa cha kitanda kwa matofali, tukawa tunakula mapema masaa matatu kabla ya kulala, akapita.

HATUA YA 8: Chakula

Kwa kifupi tu, maana chakula peke yake hakimtoi mtu aliye chini sana. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 310 mpaka 420 kwa siku, wanaume zaidi kidogo. Mbegu za maboga ndo mabingwa, kiganja kimoja cha gramu 28 kina kama 150. Korosho, lozi, karanga, maharage, mboga za majani za kijani kibichi, nafaka zisizokobolewa. Ongeza tu kwenye unachokula tayari.

HATUA YA 9: Pima tena, usiamini kujisikia vizuri

Dalili zinaondoka kabla akiba haijajaa, na hapo ndo watu wanaacha vidonge. Uliza daktari akupangie tarehe. Mama alipimwa baada ya wiki moja, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, na alipokaa kwenye 0.8 bila vidonge ndo wakamwachia. Kama umelazimika kubaki kwenye dawa ya asidi omba magnesiamu ipimwe angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kama una dawa ya kukojoza au digoksini, na ukiwa pale omba waangalie vitamini B12 nayo kwa sababu asidi kidogo ya muda mrefu inaigusa pia.

Na andika kwa kalamu kwenye jalada la faili lako, nje, pakubwa: "magnesiamu ilishuka kwa omeprazole", pamoja na tarehe na namba. Mama alilazwa kwa kitu kingine kabisa miezi minane baadaye, na asubuhi ya pili nesi akaleta vidonge kwenye kikombe, kimoja wapo pantoprazole, wanampa karibu kila mtu wodini kukinga tumbo. Mama akamwonyesha jalada. Nesi akasoma, akakitoa kile kidonge, akaenda kumwita daktari.